Hivi kumvua mama mzee kilemba mbele za watu ndiyo usalama wa kiwanja cha ndege?

Wakuu, mimi ni wa Moshi, na hii hasira nimekaa nayo wiki nzima haishuki. Kiwanja sikitaji, uzi usije ukafutwa bure.

Nilikuwa nasafiri na mama, miaka 74, tunakwenda Ujerumani kwa dada yangu aliyejifungua. Mama ana chuma gotini, alifanyiwa upasuaji. Akapita kwenye ule mlango wa ukaguzi, ukalia. Sawa, ndiyo kazi yake, umesikia chuma. Binti aliyesimama pale, rika la wajukuu zake, shikamoo hana: "We bibi, rudi, vua viatu!" Akarudi, ukalia. "Vua mkanda!" Mkanda gani, mama kavaa kitenge? Mara tatu, peku, foleni nzima inamtazama. Barua ya daktari ipo, ila ipo kwenye mkoba, na mkoba umeshamezwa na mashine. Nikataka kueleza, nikaambiwa nisiingilie kazi. Mwisho wakamfungua kilemba palepale. Chuma kiko gotini, wao wanatafuta kichwani!

Sasa kinachonitia wazimu ni hiki. Wakati sote tumekodoa macho kwa mama, kaka wa kwenye skrini ya eksirei alikuwa anachati. Mabegi yanapita tu. Kuangalia zile picha kunachosha macho, ndiyo maana Ulaya kanuni inasema dakika 20 mfululizo, kisha unapumzishwa angalau 10. Kuna hata mashine zinazopachika picha ya bastola ya uongo ndani ya begi la abiria ili kumpima mkaguzi kama yuko macho. Yule ungempachikia bazuka angeipitisha na "safari njema".

Najua watakuja wa "usalama kwanza". Kagueni, hata mara tano, mimi ndiye ninayepanda hiyo ndege! Lakini jueni mnakagua nini. Viatu vilianza kuvuliwa baada ya Richard Reid kupanda ndege ya Paris kwenda Miami, Desemba 2001, na vilipuzi kwenye soli. Wamarekani wenyewe Julai 2025 wameliondoa hilo sharti. Na ule mlango unasikia chuma tu, kilipuzi kisicho na chuma hausemi kitu. Mzee mwenye chuma mwilini anapitishiwa kile kifimbo, unaona kinalia wapi, unampangusa mikono na nguo kwa kitambaa, kinaingizwa kwenye kimashine kinachonusa baruti, sekunde chache jibu limetoka. Kama lazima kumpapasa, mwanamke amkague nyuma ya pazia, aanze na "shikamoo mama, naomba nikukague". Hiyo inagharimu bajeti gani? Na huo ndio ukaguzi wenyewe, maana angeuliza tu "mama una chuma mwilini?" tungemaliza pale pale.

Halafu asali. Mama alibeba nusu lita ya nyuki wadogo kwa ajili ya mzazi. Sheria ya vimiminika visizidi mililita 100 naijua, ilitokana na ule mpango wa kulipua ndege uliogunduliwa London Agosti 2006, sina ugomvi nayo. (Mama aliyesikia mililita kwa mara ya kwanza siku ile ndiye aliyekuwa na ugomvi.) Ila chupa hiyo hiyo ilipita kwenye mashine ya mlango wa nje, wakaiona. Ikafika kaunta begi kubwa likiwa bado kwenye mizani, tungeitia humo tukaendelea na safari. Hakuna aliyefungua mdomo, hakuna bango hata moja la Kiswahili. Mpaka mlango wa mwisho, begi limeshaondoka, ndipo "hii haipiti, tupa".

Mama akaomba basi aonje hata kijiko. Wakamkatalia.

Na haikutupwa, wakuu. Pipa lilikuwa hapo hapo kando yetu. Chupa ilisogezwa chini ya meza, taratibu, imesimama wima isimwagike. Afande, kama unasoma hapa, asali umeshakula, nirudishie hata chupa.