Betri moja ya lori inakufa kila nikilala njiani, naombeni ushauri

DerevaTororo: Wakuu, nisaidieni. Nabeba saruji Tororo kwenda Kigali kupitia Katuna. Nikilala Lukaya, asubuhi stata inagonga tu, injini haizunguki. Lori ni la volti 24, betri mbili. Inayokufa ni moja, ileile kila siku. Nimeibadilisha, mpya nayo imekufa. Fundi kasema mbovu ni alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Tajiri keshaanza maneno. Ninunue alteneta mpya au ya mtumba?

MamaTrela: Pole mwanangu. Mume wangu alinyonywa dizeli usingizini njia hiyohiyo, akaamka tenki kavu. Weka kufuli.

TanboiMstaafu: Vijana mnakimbilia kununua. Sisi tulifungua terminali, tukazimwagia maji ya moto na kusugua mpaka ule unga wa kijani utoke. Ndipo tunaongea.

FundiKatwe: Ndugu, acha alteneta kwanza. Haichagui betri: zimeungwa kwa kufuatana, chaji inayopita hii ndiyo inayopita ile. Ikifa moja tu, kuna kitu kinainyonya. Umefunga nini?

DerevaTororo: Sijafunga kitu.

FundiKatwe: Redio yako ya volti ngapi?

DerevaTororo: 12. Na kifriji kidogo, na chaji ya simu. Waya umetoka betri ile. Lakini mbona wengi tunafunga hivyo? Halafu alteneta nimeshaitolea advansi, fundi ananingoja Masaka.

KijanaWaMizani: Hii stori ya kutunga. Anajua betri gani inakufa, hajui kwamba kafunga friji? Huyu anauza alteneta. Subirini, namba ya simu inakuja.

MamaTrela: Mwache. Friji kila dereva anaificha, tajiri hataki kusikia.

DerevaTororo: Niuze nini wakati nimekwama na mzigo na mvua inakuja? Mwenzangu ameniwashia lori kwa betri zake, nimepima volti injini ikiunguruma. Zote pamoja 27.8. Ya friji 12.9, nyingine 14.9. Hiyo nyingine nimefungua vifuniko: maji yameshuka, pleti zinaonekana, asidi inawasha pua.

FundiKatwe: Basi alteneta ni nzima, 27.8 ni chaji safi. Tatizo ni mgawo. Moja inakula njaa, mwenzake anapewa kupita kiasi mpaka anachemka. Ukifunga alteneta mpya utaziua vilevile. Toa huo waya. Nunua konveta ya kushusha 24 iwe 12, iunge kwenye betri zote mbili. Iliyolala ichajiwe peke yake kwa chaja ya volti 12, nyingine iongezwe maji ya betri, si ya bomba. Na sigara weka mbali, ikichemka inatoa gesi ya kulipuka. Kama moja haiponi, badilisha zote mbili pamoja. Mpya na kuukuu haziendi.

DerevaTororo: Na advansi yangu?

TanboiMstaafu: Mwambie akufungie konveta kwa hela hiyohiyo. Ongea naye kabla hajaifungua alteneta ya zamani.