Mwezi mwandamo kuchomoza saa sita usiku: mwandishi aachwe au aambiwe?

Mwl. wa Uyole: Wadau, nimesoma hadithi ya kijana wetu wa hapa Mbeya. Neema anatoroka ndoa ya lazima, Agosti, saa sita usiku, halafu "mwezi mwandamo ukachomoza nyuma ya Loleza ukammulikia njia." Jamani! Mwezi mwandamo unaonekana magharibi jua likishazama, na kufikia saa mbili hivi nao umeshazama. Unaochomoza saa sita ni ule uliobaki nusu, kama wiki moja baada ya mwezi mpevu. Na Loleza, mlima wetu, iko kaskazini ya mji, mwezi unachomozaje huko? Nauliza: mwandishi ana ruhusa ya kupindua mbingu?

Kamwene: Mwalimu, hadithi si mtihani wa jiografia. Binti anakimbia kuozeshwa, wewe umeshika mwezi. Mwacheni mtoto aandike.

Mama Mbalizi: Na huo mwandamo ungemmulikia nini? Si kama ukucha tu! Nimetoka shamba gizani mara ngapi, hata shimo la panya hulioni.

Mjukuu wa Tukuyu: Sisi huku mwezi tunausikia tu, mawingu kila siku. Ila huyo kijana nasikia ujombani kwake ni Iringa. Labda aliandika na ulanzi, ile pombe ya mianzi, kichwani, akaona miezi miwili akachagua mmoja.

Kamwene: We Mjukuu, ulanzi umekukosea nini? Ulanzi wa leo ni togwa, hata mtoto anakunywa. Ukilala ukawa mkangafu hapo ndipo mtu anayumba, tena anayumba kwa pesa yake. Sisi hatujawahi kuwasema na ndizi zenu.

Mjukuu wa Tukuyu: Ndizi hazimwangushi mtu mtaroni, kaka.

Mwl. wa Uyole: Naomba turudi kwenye mwezi. Hata Rider Haggard, yule wa *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, toleo la 1885 alipatwisha jua wakati mwezi ni mpevu. Haiwezekani, jua linapatwa mwezi ukiwa katikati yetu na jua, yaani mwezi mpya tu. Matoleo ya baadaye akabadili, ukapatwa mwezi. Mzungu mzima alirekebisha.

Mtu wa Mbarali: Kupatwa kwa jua mtuulize sisi. Rujewa 2017 lilibaki pete tupu. Fundi wa kuchomelea alituazima kioo chake, tukapokezana.

Mama Mbalizi: 2016. Septemba mosi.

Mtu wa Mbarali: Mama, ulikuwepo?

Mama Mbalizi: Sikuwepo. Lakini mwanangu wa mwisho nilikuwa namnyonyesha, na huyo alizaliwa 2016. Huwezi kunidanganya mwaka.

Mjukuu wa Tukuyu: Kamwene kanyamaza. Kaenda kugema.

Kamwene: Sijaenda kugema, nilikuwa naisoma hiyo hadithi yenyewe. Nimefika Neema anashuka kwenye lori Makambako alfajiri, bibi mmoja anampa "ulanzi mtamu uliogemwa asubuhi ile." AGOSTI! Mianzi inagemwa kipindi cha mvua, mwanzi mchanga unakatwa ncha, mbeta ya kukingia inaning'inizwa. Agosti, kwa baridi lile na ukavu ule, bibi huyo kautoa wapi? Huyu kijana hajawahi kuingia shambani kwa mjomba wake hata siku moja. Aifute hadithi yote.

Mwl. wa Uyole: Kamwene, si ulisema hadithi si mtihani?

Kamwene: Mwezi uko mbali, nani anaukagua? Ulanzi tunaujua.

Mjukuu wa Tukuyu: 😂😂 Mwalimu, umeshinda kesi kwa shahidi wa upande wa pili.

Mwl. wa Uyole: Sijashinda, bado Loleza iko kaskazini.

Mama Mbalizi: Mliomaliza kusoma, Neema waliishia kumkamata au hapana? Mimi bando limeishia Makambako.