Sir Anthony Epstein na virusi vya uvimbe wa taya: je, ilikuwa bahati tu?

Mwanafunzi_Patholojia

Wanajukwaa, habari za leo. Ninaandaa mada ya kuwasilisha darasani kuhusu virusi vinavyosababisha saratani, nami nimechagua kazi ya Sir Anthony Epstein, aliyezaliwa London mwaka 1921 na kufariki Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 102. Karibu kila ninaposoma habari zake naambiwa kwamba ndege iliyobeba kipande cha uvimbe kutoka Kampala ilicheleweshwa na ukungu, na kuchelewa huko ndiko kulikozaa ugunduzi wa virusi vya Epstein-Barr katika uvimbe huo, ambao ni saratani ya taya inayowapata watoto. Mhadhiri wetu anaiita bahati ya mtende, lakini mimi sijaridhika. Naomba mwenye ufahamu anieleze Epstein alikuwa amefanya kazi gani kabla ya siku hiyo, na kwa nini alitafuta kwa karibu miaka mitatu bila kuona kitu.

Hadubini

Ndugu, una haki ya kutoridhika. Kabla ya uvimbe wa taya, Epstein alikuwa mtu wa kuku. Mwaka 1911 Peyton Rous, huko New York, alionyesha kwamba aina fulani ya saratani ya kuku inaweza kuhamishwa kwa majimaji yaliyochujwa hadi yasibakiwe na seli hata moja, yaani kisababishi chake ni virusi. Wengi walimpuuza kwa miongo kadhaa, na Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1966, akiwa mzee sana. Epstein aliitumia miaka ya 1950 kuvichunguza virusi hivyo hivyo, tena alikwenda Taasisi ya Rockefeller kujifunza hadubini ya elektroni kwa George Palade, mmoja wa waasisi wa baiolojia ya seli ya kisasa. Kwa hiyo Machi 1961, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alipoeleza katika Hospitali ya Middlesex kwamba uvimbe wa taya za watoto unafuata maeneo yenye joto na mvua nyingi, Epstein aliwaza virusi mara moja, kwa kuwa ugonjwa unaofuata hali ya hewa hivyo huenda unaletwa na kiini kinachoambukiza.

Alishindwa kwa muda mrefu kwa sababu alikuwa akivitafuta mahali vinapojificha. Ndani ya mwili virusi hivi hukaa kimya katika limfosaiti aina ya B (chembe nyeupe za damu), jeni zake nyingi zikiwa zimezimwa, na chembe kamili hazitengenezwi. Ilibidi seli zenyewe zioteshwe nje ya mwili, mbali na kinga ya mgonjwa, na wakati huo hakuna aliyekuwa amefaulu kuziotesha limfosaiti za binadamu kwa muda mrefu.

Sasa tuje kwenye ukungu. Desemba 1963 ndege ilielekezwa Manchester, na sampuli ilipofika London majimaji yake yalikuwa na rangi ya maziwa, kana kwamba yameingiwa na bakteria. Wengi wangeyamwaga. Epstein aliweka tone chini ya hadubini, akaona seli hai zinazoelea moja moja, zilizobanduka kwenye uvimbe kwa kutikiswa safarini, akaamua kuziotesha zikiwa zinaelea hivyo hivyo. Februari 1964 aliona chembe za virusi katika seli hizo, akazima mashine kwa hofu kwamba mwale wa elektroni ungeiunguza sampuli, akatoka kuzunguka mtaa kwenye theluji bila koti, kisha akarudi kuangalia tena.

Dada_wa_Maabara

Naongeza jambo moja. Makala ya Machi 1964 katika jarida la Lancet ina majina matatu: Epstein, Bert Achong aliyetoka Trinidad, na Yvonne Barr, ambaye ndiye aliyeshughulikia uoteshaji wa seli. Jina la virusi limewabeba wawili tu, kwa sababu seli hizo ziliitwa EB. Achong usimwache nje ya mada yako, wala usiwaache wahudumu wa Uganda waliokuwa wakizituma sampuli.

Daktari_Mstaafu

Mwanangu, uwe mwangalifu na neno "husababisha". Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wana virusi hivi, na wengi wao hawapati saratani yoyote. Epstein aliwapelekea seli zake Werner na Gertrude Henle huko Philadelphia, wakathibitisha kwamba ni virusi vipya, na baadaye wakagundua kwamba ndivyo vinavyoleta homa ya tezi. Ushahidi mzito kuhusu uvimbe wenyewe ulitoka West Nile, Uganda, ambako damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa; matokeo ya mwaka 1978 yalionyesha kwamba waliougua baadaye walikuwa na kingamwili nyingi za virusi hivyo tangu kabla ya uvimbe kutokea. Malaria ya mara kwa mara inachangia, na ndani ya seli yenyewe kipande cha kromosomu ya 8 huhamia mahali pengine, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, kikaiwasha pasipo kiasi jeni ya MYC, inayochochea seli kugawanyika.

Mwanafunzi_Patholojia

Nawashukuru sana. Je, baada ya hapo aliendelea na virusi hivyo, au alihamia kazi nyingine?

Hadubini

Hakuviacha. Mwaka 1968 alikwenda Bristol kuwa profesa wa patholojia, akajikita katika chanjo, na mwaka 1985 kundi lake lilionyesha kwamba protini ya ganda la virusi inaweza kuwakinga nyani wadogo wa Amerika Kusini wasipate uvimbe. Chanjo iliyoidhinishwa kwa binadamu haijapatikana bado.