Doctor Who ya 2005: wakongwe walilalamikia nini hasa, na tuanzie wapi kuangalia?

Mpanga Viti (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Kuna kikundi cha watu kama 20 wanaotaka kuangalia Doctor Who, ile tamthilia ya BBC ya Uingereza, kwa projekta. Ukumbi ni wa kukodi, tumepewa Jumamosi sita, saa mbili kila siku na si zaidi. Kambi zimegawanyika. Wapo wanaosema lazima tuanze 1963 na William Hartnell, mwigizaji wa kwanza wa mhusika mkuu, Daktari, la sivyo hatutaelewa kitu. Wapo wanaosema tuanze 2005, Russell T Davies alipoifufua kule BBC Wales, Cardiff. Halafu yupo mmoja anayesema ya 2005 iliwaudhi mashabiki wa zamani kwa hiyo tusiiguse kabisa.

Naomba kueleweshwa: wakongwe walikasirishwa na nini hasa? Lalamiko lipi lina mashiko na lipi ni ukaidi tu? Na kwa muda huo, ratiba ikaeje?

Jambo jingine dogo: tulijaribu diski ya zamani kwenye kompyuta, picha ikaonyesha mistari kama meno ya kitana kila mtu akitembea. Nawasilisha.

---

Sanduku la Buluu

Mkuu, hesabu kwanza. Ya zamani ilianza tarehe 23 Novemba 1963 na kusimama tarehe 6 Desemba 1989, misimu 26, sehemu nyingi za dakika 25 kila moja. Za miaka ya 60 nyingine hazipo kabisa, mikanda ilifutwa. Ukianza pale, Jumamosi zako sita zitaisha Hartnell hajatoka hata mlangoni.

Msimu wa 2005 una sehemu 13 za dakika 45. Ukionyesha mbili unatumia saa moja na nusu, zinabaki dakika 30 za watu kubishana. Ratiba yangu ni hii:

Jumamosi ya kwanza onyesha sehemu ya 1 na ya 4 za "Spearhead from Space" ya 1970, kisha "Rose". Ya pili, "Aliens of London" na "World War Three". Ya tatu, "Dalek" na "Father's Day". Ya nne, "The Empty Child" na "The Doctor Dances". Ya tano, "Bad Wolf" na "The Parting of the Ways". Ya sita, kile kipande cha dakika saba cha Children in Need (kipindi cha hisani cha BBC), kisha "The Christmas Invasion" yenye dakika 60, umalizie na "School Reunion". Hiyo ya mwisho ni saa mbili kasoro dakika nane, kwa hiyo siku hiyo mfunge milango kwa wakati.

"Spearhead" sijaichagua kwa mapenzi tu. Maadui wake ni walewale wa "Rose": masanamu ya plastiki ya madukani yanayopata uhai. Mwaka 1970 masanamu yanapotoka madirishani unasikia kioo kikivunjika lakini hukioni, hela ya kuvunja kioo haikuwepo. Mwaka 2005 kioo kinapasuka mbele ya macho yako. Weka matukio hayo mawili siku moja na utakuwa umeeleza miaka 35 bila hotuba. Halafu angalia jambo jingine: katika "Rose" hakuna anayeyataja masanamu yale kwa jina. Neno Auton liko kwenye majina ya mwishoni tu. Mgeni hahitaji kulijua, mkongwe analijua tayari. Msimu wote wa 2005 umejengwa hivyo, na ndiyo sababu ile hoja ya "lazima 1963 kwanza" siikubali.

---

Mwanafunzi wa Gallifrey

Nijibu la malalamiko, maana watu huyachanganya yote kwenye kapu moja.

Kumbuka wakongwe walikuwa wameshaumwa na nyoka, hata ujani ukiwagusa wanashtuka. Mwaka 1996 ilitengenezwa filamu moja ya televisheni, Paul McGann akiwa Daktari. Humo ikasemwa Daktari ni nusu binadamu upande wa mama, na akambusu daktari wa hospitali. Wamarekani hawakuichukua kuwa mfululizo, na mambo yakaishia hapo. Kwa hiyo ilipotangazwa Septemba 2003 kwamba inarudi, wengi walifurahi huku mkono mmoja uko mfukoni.

Halafu akachaguliwa Billie Piper kuwa Rose, msichana anayesafiri na Daktari. Alijulikana kama mwimbaji wa nyimbo za vijana, na kelele zilianza kabla hajaonekana kwenye hata picha moja ya tamthilia yenyewe. Lalamiko hilo lilikufa lenyewe mapema sana. Leo hulisikii popote.

Mapema Machi 2005, wiki kama tatu kabla ya kurushwa, "Rose" ikavuja kwenye intaneti. Watu wakahukumu msimu mzima kwa sehemu moja. Na sehemu hiyo ina lile pipa la taka linalommeza mtu kisha linacheua. Pipa hilo limeandikwa kurasa nyingi kuliko linavyostahili. Kwangu tatizo lake ni muda: kicheko kinakuja sekunde chache baada ya kitu ambacho kilipaswa kutisha, na kitisho kinakufa. Ni kosa la mpangilio wa tukio. Wanaosema ni dalili kwamba tamthilia imekuwa ya watoto wanasahau kuwa ilianza 1963 ikirushwa Jumamosi jioni kwa ajili ya familia nzima.

Hata usiku wa tarehe 26 Machi haukupita salama. Dakika za mwanzo, katika baadhi ya maeneo ya Uingereza, sauti ya mtangazaji Graham Norton kutoka kipindi kingine cha BBC iliingia juu ya "Rose", wakati Rose yuko chini kwenye ghala la duka gizani. Hiyo haimo kwenye diski, ni kosa la mitambo ya urushaji siku ile. Pamoja na hayo, watazamaji walikuwa milioni 10.8.

Siku nne baadaye ikatangazwa kwamba Christopher Eccleston, Daktari wa msimu huo, hatarudi msimu wa pili. Hapo hasira zilikuwa za kweli, na BBC ililazimika kuomba radhi kwa kumwekea mdomoni maneno ambayo hakuyasema.

Sasa lile lenye mashiko kuliko yote, na wachache wanalikumbuka. "Aliens of London" inaishia Daktari na wenzake wakiwa katika hatari ya kufa, ule mtindo wa kuacha watu roho juu ambao ndio uti wa mgongo wa tamthilia hii tangu mwanzo. Kisha papo hapo, kabla ya majina ya mwisho, ikawekwa dondoo ya wiki ijayo inayowaonyesha wote wazima wanakimbia. Mashabiki walipiga kelele, na kelele zikasikika: ilipofika "The Empty Child", dondoo ilihamishiwa baada ya majina. Mkuu Mpanga Viti, siku ya pili simama na rimoti mkononi. Kioo kikiwa cheusi baada ya tukio la mwisho, ruka hadi sehemu inayofuata.

---

Babu Kaseti

Mnawapendelea wapya. Mimi nasema wakongwe walikuwa na haki kwenye mambo matatu na hamjayagusa.

Muziki wa ufunguzi. Wimbo wa Ron Grainer una kipande cha kati kinachopanda juu na kung'aa kabla ya kurudi kwenye mdundo. Msimu wa 2005 kilikatwa chote. Kilirudi kwenye majina ya mwisho ya "The Christmas Invasion". Kama malalamiko yalikuwa upuuzi, mbona kilirudi?

Jina. Mwaka 2005 Eccleston aliandikwa kwenye majina kama "Doctor Who", ilhali mhusika anaitwa Daktari. David Tennant aliyempokea, mwenyewe shabiki tangu utotoni, aliomba libadilishwe, na kuanzia Krismasi ile likaandikwa "The Doctor".

Na sanduku la polisi, kile chombo cha Daktari cha kusafiria. Lile la 2005 ni pana kuliko yaliyotangulia, madirisha makubwa, na nembo ya St John Ambulance mlangoni haipo. Watu walipima kwenye picha kabla hata tamthilia haijarushwa! Nembo ilirudi 2010.

---

Mwanafunzi wa Gallifrey

Babu, shikamoo, na kwa wimbo nakuunga mkono. Ila la madirisha watengenezaji wenyewe walishalifanyia utani: kwenye "Blink" ya 2007, mwandishi Steven Moffat alimwekea polisi maneno ya kusema kwamba sanduku si la kweli, simu ni ya bandia na madirisha si ya ukubwa sahihi. Mashabiki walipigwa kijembe wakiwa sebuleni kwao.

Niongeze moja linalokosewa kila siku kuhusu Dalek, yule adui wa zamani wa Daktari: "Dalek ya 2005 ndiyo ya kwanza kupanda ngazi." Hapana. Ilipanda 1988 kwenye "Remembrance of the Daleks". Kilichobadilika 2005 ni kwamba tukio lile lilipewa nafasi: mtu anaidhihaki kutoka juu ya ngazi, Dalek inatulia, kisha inasema itapanda na kuanza kuelea. Ubishi huo ukizuka siku ya tatu, mna jibu.

---

Fundi Waya

Nirudi kwenye meno ya kitana.

Za zamani za studio zilirekodiwa kwa video yenye nusu-picha 50 kwa sekunde. Kila nusu ina mistari mmoja mmoja kwa kuruka. Diski inazifuma mbili pamoja. Kompyuta ikizionyesha kwa pamoja, mtu aliyetembea anakuwa mahali pawili kwa wakati mmoja, ndiyo hayo meno. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza D kuwasha utenganishaji, kisha kwenye menyu ya video uchague Yadif (2x). Hiyo 2x ni muhimu kwa za zamani, bila yake mwendo laini wa studio unapotea na inaonekana kama filamu mbovu.

Kwa msimu wa 2005 USITUMIE 2x. Ule ulirekodiwa kwa video ya kawaida ya mistari 576, kisha mwendo wake ukafanywa ufanane na wa filamu, picha 25 kwa sekunde. Weka Yadif ya kawaida, au zima kabisa kama huoni meno. Na usitarajie ukali wa kisasa hata ukinunua Blu-ray: tamthilia ilianza kurekodiwa kwa HD mwaka 2009, kwa hiyo diski za kabla ya hapo zimekuzwa tu. Kwenye ukuta wa mita tatu utaona ukungu kidogo. Sogeza projekta, punguza picha hadi mita mbili na nusu, macho yatatulia.

"Spearhead from Space" ni kinyume chake. Kulikuwa na mgomo BBC, studio hazikupatikana, ikapigwa yote kwa filamu ya milimita 16. Filamu ina maelezo mengi kuliko video ya studio ya wakati ule, ndiyo maana Blu-ray yake ni kali kuliko ya 2005. Watu wako watashangaa ya 1970 kuipita ya miaka 35 baadaye.

Umbo: za zamani ni 4:3, za 2005 ni 16:9. Projekta nyingi hunyoosha kila kitu kijaze ukuta, na Jon Pertwee, Daktari wa "Spearhead", anakuwa na uso kama chapati. Bonyeza A kwenye VLC hadi ifike 4:3, uache weusi pembeni.

Sauti: lile lalamiko kwamba muziki wa Murray Gold unafunika maneno, nusu yake ni ladha na nusu ni waya. Kwenye sauti ya njia sita maneno yamo spika ya katikati. Ukichomeka amplifaya ya spika mbili bila kuiambia kicheza diski, ile ya katikati inaachwa nje, unabaki na violini. Ingia kwenye mpangilio wa sauti, chagua stereo, maneno yatagawanywa kushoto na kulia.

---

Sanduku la Buluu

Tahadhari ya namba, maana hapa ndipo wengi wanaingia choo cha kike. "Msimu wa 1" wako watatu: wa 1963, wa 2005, na wa 2024 wa Ncuti Gatwa, ambao nao ulianza kuhesabiwa upya. Faili ikiandikwa S01E01 inaweza kuwa "An Unearthly Child", "Rose" au "Space Babies". Angalia mwaka. Pia "The Christmas Invasion" na kile kipande cha dakika saba haviko kwenye kasha la msimu wa 2005, viko kwenye kasha la msimu wa pili pamoja na "School Reunion". Nunua makasha mawili.

---

Mpanga Viti

Wakuu, asanteni. D na A zimefanya kazi. Ila rafiki wa London ametuletea kasha la DVD la msimu wa 2005, kicheza diski cha ukumbini kinalikataa, kinasema kanda si sahihi. Diski ni mbovu?

---

Fundi Waya

Diski nzima kabisa. DVD hufungiwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia: za Uingereza ni kanda ya 2, vicheza diski vya Kenya na Tanzania ni kanda ya 5. Vingi vina menyu iliyofichwa ya kuweka 0, yaani kanda zote, tafuta kwa namba ya modeli ya kicheza chenu. Msifanye hivyo kwenye kompyuta kwa kubahatisha, kifaa cha DVD cha kompyuta hukubali kubadilishwa kanda mara tano tu kisha kinajifunga. Blu-ray haina shida hiyo, sisi na Uingereza wote tuko kanda B.