Tupeane uzoefu: uliyewahi kujitolea kwa watoto wa visiwani ukiwa safarini

Mkulima wa Uyole
Wakuu, leo asubuhi ukungu ulishuka hadi barabarani. Nikawapisha watoto wa shule, kila mmoja na dumu lake la maji la lita tano, nikajikuta nimesimama tu. Nimewakumbuka wa Jibondo, kule Mafia.

Mwaka 2016 nilimsindikiza shemeji yangu aliyepata kazi Kilindoni. Basi hadi Dar, Mbagala, Nyamisati, kisha boti. Nikavuka na mashua hadi Jibondo kutembea tu, nikakuta mwalimu wa hesabu anaumwa. Nikabaki wiki tatu na darasa la tano. Maji ya kunywa kule wakati ule yalikuwa ya mvua au ya kuletwa kwa mashua kwenye madumu, na nilimwona mtoto akifunika kikombe kwa daftari vumbi lisiingie.

Jumatatu nilikuwa na watoto arobaini. Alhamisi, kumi na mmoja. Nikafoka. Wale kumi na mmoja wakatazamana, hakuna aliyejibu. Waliporudi wenzao nikawapigisha magoti wote. Jioni ndipo mzee mmoja akanieleza taratibu: lilikuwa bamvua, maji yametoka mbali, watoto wamekwenda mwambani na mama zao kutafuta pweza, na pweza ndiye daftari na sare. Mimi mtu wa Uyole naijua kalenda ya viazi, ya mwezi na maji sikuijua. Sikurudi darasani kuwaomba radhi. Hilo linaniuma hadi leo.

Aliyepitia kama haya aseme.

Binti Mufindi
Nimepitia, kaka. Bamvua na maji mafu, yale yasiyojaa wala kutoka sana, nilifundishwa na watoto wa Kojani, Pemba. Kule mvulana anaondoka na baba yake kwenda dago, kambi ya wavuvi ya mbali, unamfuta kwenye mahudhurio, anarudi baada ya miezi na sauti nzito.

Ipogolo Juu
Kamweneni. Mtanisamehe, nasema nilichokiona hapa Iringa. Wageni wanakuja kwenye vituo vya watoto, wiki mbili, picha, machozi, kwaheri. Mtoto anabaki mlangoni. Sasa na sisi tukivuka bahari kufanya hivyo hivyo, tofauti iko wapi?

Mkulima wa Uyole
Mimi sikupiga picha hata moja.

Ipogolo Juu
Sijasema wewe, mkuu. Nasema kuondoka.

Mwalimu wa Rungwe
Ndaga. Nilitaka kusoma tu nipite, ila neno "kuondoka" limenigusa.

Machi 2019 nilikuwa nasubiri ajira, nikaenda Mwanza kwa kaka yangu. Rafiki yake anatoka Ukara, kisiwa cha Ziwa Victoria, akaniambia shule ya kwao walimu ni wachache, twende ukasaidie. Meli hadi Nansio, gari hadi Bugolora, kisha mtumbwi wa injini. Nilishikilia ubao mpaka vidole vikafa ganzi, maana maji mengi niliyoyazoea ni ya mto Kiwira, na huo unauona chini.

Jambo ambalo sikulipa uzito ni tarehe. MV Nyerere, kivuko cha kwenda Ukara, ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio la Bugolora, ikiwa imebakiza maji machache tu kufika Ukara. Walikufa zaidi ya watu 220, na kivuko chenyewe uwezo wake ulikuwa watu 101. Haya yote nilikuwa nayajua. Niliyasikia redioni nikiwa Tukuyu kama Watanzania wote, tukalia, tukaendelea na kazi. Na mimi nikaingia darasa la tatu la Ukara miezi sita baadaye, nikaandika ubaoni kwa chaki ya rangi: "Chora chombo cha usafiri unachokijua."

Nilitaka wafurahi. Kwetu wangechora basi, bodaboda, treni ya TAZARA.

Darasa likanyamaza. Si utulivu wa watoto wanaochora. Wengine waliweka penseli chini. Msichana wa mbele akachora baiskeli haraka haraka, akaifunika kwa mkono. Nyuma kabisa mvulana mmoja alikuwa anachora kweli, ameinama, ulimi nje. Nikamfuata. Amechora kivuko, tumbo juu. Kila mtu aliyeziona picha za siku zile anajua kilivyokuwa kimelala vile, kama kobe. Na ndani ya lile tumbo amechora mtu mmoja mdogo.

Nikauliza, kwa sababu sikujua la kufanya: "Huyu nani?"
"Fundi."
Mnakumbuka yule fundi wa mitambo aliyetolewa hai baada ya siku mbili, alikuwa amepata sehemu yenye hewa.
Nikauliza tena, na hapa ndipo ningeomba ulimi wangu ungekatika: "Na wengine?"
"Wengine sijawachora."

Mama yake alikuwa mmoja wa wengine.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo. Mwalimu mkuu akanikuta pale. Hakunigombeza. Aliniambia, "Rudi, wasidhani wamekukosea." Nikarudi. Nikaketi kwenye dawati la yule mtoto, tukamaliza kupaka rangi. Alitaka bluu, haikuwepo, tukatumia kijani.

Binti Mufindi
Dada, pole. Nimeshindwa kuendelea na kazi.

Chimala Kwetu
Pole mwalimu, lakini lazima niseme. Unaingiaje darasani bila kumuuliza mwalimu mkuu watoto hawa wamepitia nini? Hilo ni swali la siku ya kwanza.

Mkulima wa Uyole
Wewe ukienda msibani kwa watu unaomba orodha kwanza? Mwacheni mwalimu.

Chimala Kwetu
Msibani ndiyo naomba! Nauliza nani kafa, nimpe nani mkono. Ndiyo hoja yangu hiyo.

Mwalimu wa Rungwe
Chimala yuko sahihi. Ningeuliza.

Mama wa Njombe
Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, naomba niweke mambo mawili. Ukienda popote penye watoto, kijiji kiwe kinakujua: barua, mtendaji, mwalimu mkuu. Kama ni kituo cha kulelea watoto, pita kwanza ofisi ya ustawi wa wilaya. Sheria ya Mtoto ya 2009 haikuwekwa kwa ajili ya wageni wa nje peke yao. Mgeni asiye raia kibali chake cha ukaazi cha kujitolea ni daraja C, asidanganywe kuwa viza ya utalii inatosha. Na la pili, siku ya kuondoka waambie mapema. Usitoroke alfajiri kwa kuogopa machozi. Mtoto aliyefiwa anamjua mtu anayetoroka.

Ipogolo Juu
Mama, la pili ndilo nililokuwa nalitafuta tangu mwanzo.

Dereva wa Igawa
Mtoto apelekewe nini? Mimi naona parachichi.

Chimala Kwetu
Usipeleke kitu. Ukigawa pipi kwa kumi, wa kumi na moja analia.

Binti Mufindi
Peleka chaki na kalamu, umkabidhi mwalimu mkuu. Na kwa watu wa ziwani: msiingie maji ya kando yenye majani na konokono, kichocho kipo. Watoto watakuita uoge, utaona aibu kukataa. Kataa.

Dereva wa Igawa
Parachichi halina kichocho. Nasimamia hapo.

Mkulima wa Uyole
Mwalimu, yule mvulana uliagana naye vipi?

Mwalimu wa Rungwe
Niliwaambia wiki moja kabla. Kila asubuhi walikuwa wananikumbusha, "Mwalimu, zimebaki nne." Mchoro aliniomba niuache ukutani, nikauacha. Siku yenyewe bibi yake alikuja ufukweni na ndoo ya dagaa. Nilijiandaa kulaumiwa. Akasema tu kwamba mtoto ameanza kumtaja mama yake nyumbani, tangu Septemba alikuwa hamtaji. Dagaa wale nilifika nao Tukuyu.

Dereva wa Igawa
Mwezi wa sita napeleka viazi Mwanza, nitakuwa na siku tatu za kusubiri mzigo. Nikivuka, bibi nimpelekee nini?

Mwalimu wa Rungwe
Majani ya chai ya huku kwetu, na sabuni za mche. Nitakupa namba ya mwalimu mkuu. Mpigie kabla hujavuka, umuulize hali ya ziwa.

Mkulima wa Uyole
Dereva, ukipita Uyole simama. Gunia moja la viazi ni langu, lipeleke shuleni. Na mimi nimeshamtafuta shemeji, nimemwomba namba ya mwalimu wa Jibondo.