Gumzo la ukoo: Linda Caicedo alivyopanda

Binamu: Shikamooni wakubwa. Video niliyoweka hapo juu ni ya bao la Linda Caicedo wa Kolombia dhidi ya Ujerumani, dakika ya 52, mjini Sydney, Kombe la Dunia la wanawake la 2023. Naomba muitazame taratibu pale anapoupata mpira upande wa kushoto ndani ya eneo la hatari. Mabeki wawili wanamzibia njia, naye anaupitisha mpira katikati yao, na kabla hawajageuka ameshaupinda kwa mguu wa kulia hadi pembe ya juu ya mbali. Ndilo lililochaguliwa kuwa bao bora la mashindano yale.

Baba Mkubwa: Marahaba, mpwa wangu. Nimelirudia mara kadhaa na bado sijaona ni wakati gani alipata nafasi ya kupiga. Je, huyu si yule binti aliyekutana na Serengeti Girls, timu yetu ya Tanzania ya wasichana chini ya miaka 17, kule India?

Mimi: Ndiye, Baba Mkubwa. Ilikuwa robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, Oktoba 2022, na Kolombia walitufunga 3-0 baada ya watoto wetu kuwashinda Ufaransa 2-1 na kutoka sare ya 1-1 na Kanada. Mbio wetu walikuwa nazo, tena nyingi. Walichozidiwa ni utulivu, kwa sababu Linda alikuwa ameshakabwa na mabeki watu wazima kwa miaka kadhaa.

Baba Mkubwa: Miaka kadhaa kwa vipi, mwanangu, ikiwa naye alikuwa na miaka 17 tu?

Mimi: Alizaliwa Februari 2005 huko Villagorgona, karibu na Cali, na mwaka 2019, akiwa na miaka 14, alianza kuichezea klabu ya América de Cali katika ligi ya wakubwa, akatwaa ubingwa nayo na kuitwa timu ya taifa ya wakubwa mwaka huohuo. Mwaka 2021 alitwaa ubingwa tena, safari hii akiwa na Deportivo Cali. Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba ligi ya kulipwa ya wanawake ya Kolombia ilianza mwaka 2017. Angezaliwa miaka mitano kabla, angefikisha miaka 14 na kukuta hakuna ligi ya kumpokea, hata angekuwa na kipaji kilekile. Ndiyo maana nasema kipaji chake kilikuta mlango umeshafunguliwa.

Shangazi: Ninyi mmerukia mataji, na mimi naomba turudi nyuma kidogo. Akiwa na miaka 15 binti huyu aligunduliwa kuwa na saratani ya ovari, akafanyiwa upasuaji na kupewa matibabu, na mwenyewe amewahi kueleza kwamba alidhani hatacheza tena. Mimi kama mama nikitazama bao lile, ninachokiona kwanza ni mwili uliopita katika hayo yote.

Baba Mkubwa: Basi, dada, ndiyo sababu ninapata wasiwasi juu ya yaliyofuata. Julai 2022 alicheza Copa América, yaani kombe la mataifa ya Amerika Kusini, ya wakubwa hadi fainali na kuwa mchezaji bora, Agosti akawa Costa Rica na timu ya chini ya miaka 20, Oktoba akawa India hadi fainali nyingine, Februari 2023 akajiunga na Real Madrid, na Julai akawa Australia. Siku chache kabla ya mechi ya Ujerumani alianguka mazoezini akiwa ameshika kifua. Mtoto wa miaka 18!

Binamu: Lakini, Mjomba, alipona na akafunga lile bao.

Baba Mkubwa: Kufunga hakuthibitishi kwamba hakuchoshwa, mpwa wangu.

Shangazi: Nakubaliana na kaka, ila kwa nusu. Kucheza na wakubwa kulimjenga, na sidhani kama kumchelewesha kungemsaidia. Kosa, kwa maoni yangu, lingekuwa kumwita katika kila kikosi kwa sababu tu umri wake unaruhusu, bila mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema kwamba safari hii anapumzika. Nalisema hili kwa sababu kocha wa binti yangu ameniomba ruhusa ampandishe timu ya wakubwa, na bado shule inamhitaji, na timu ya vijana inamhitaji.

Binamu: Mama, mimi niko tayari.

Mimi: Binamu, utayari wako hatuutilii shaka. Tazama pia fainali ya Copa América ya 2025, iliyokwisha 4-4 kabla Brazili hawajashinda kwa penalti. Linda ndiye aliyefungua mabao, na wala hasimami katikati kusubiri krosi kama unavyopenda kufanya. Anaanzia pembeni kushoto, anamvuta beki, kisha anaingia ndani.

Baba Mkubwa: Dada, mruhusu apande, lakini kocha akuandikie ratiba zote tatu, ya shule, ya vijana na ya wakubwa, katika karatasi moja.

Shangazi: Nitamwomba ratiba hiyo kesho jioni, kaka, na nikiipata nitaiweka humu tuipitie pamoja kabla sijatia sahihi.