Krosova ya kutengeneza mwenyewe kwa spika za gari: kapasita na koili za ukubwa gani?

Mdau_Moro
Habari wakuu. Nina wufa (spika za sauti nzito) za milangoni za inchi 6.5 na twita (spika ndogo za sauti nyembamba) za kitambaa, zote 4Ω. Karatasi ya twita imeandikwa Fs (masafa yake ya mtetemo wa asili) 1400 Hz. Ya wufa, Re (ukinzani wa koili yake ya ndani) 3.4Ω na Le (uindukta wa koili hiyo) 0.5 mH. Ampli ni wati 50 kila chaneli. Kwa sasa twita ina kapasita ya 4.7 µF tu, na wufa imeungwa moja kwa moja. Sauti ya mwimbaji inatokea magotini na herufi "s" inachoma sikio. Nataka krosova ya njia mbili, yaani kichujio cha kugawa sauti nzito kwa wufa na nyembamba kwa twita. Nianzie wapi?

FundiKoili
Mkuu, 4.7 µF kwenye 4Ω inakata karibu 8,500 Hz. Chini ya hapo wufa inabeba kila kitu peke yake, ndiyo maana mwimbaji yuko magotini.

Kata 3,000 Hz, ambayo ni zaidi ya mara mbili ya Fs ya twita, kwa mteremko wa desibeli 12 kwa oktavu (kila masafa yanapoongezeka au kupungua mara mbili). Hesabu yake, R ikiwa Ω za spika na f masafa ya kukata:

C (µF) = 79,600 ÷ (R × f)
L (mH) = 318.3 × R ÷ f

Kwako inatoka 6.63 µF na 0.42 mH. Kila upande utahitaji kapasita mbili za 6.8 µF, volti 100, zisizo na chanya na hasi, pamoja na koili mbili za 0.42 mH. Ukikosa 6.8, unga 4.7 na 2.2 sambamba. Ya twita iwe ya plastiki. Ya wufa hata ya elektroliti isiyo na polariti inafaa.

Mpangilio ndio unaounguza ampli za watu. Kwenye twita, chanya ya ampli ipite kwanza kwenye kapasita, kisha koili ikae sambamba na twita. Kwenye wufa ni kinyume: koili kwanza, kapasita sambamba na wufa. Ukiweka koili ya twita kabla ya kapasita, besi yote inakutana na waya mtupu wa 0.3Ω.

Kwa hiyo kabla ya kuunga ampli, pima Ω kwa mita kwenye nyaya za kuingilia krosova, spika zikiwa zimeungwa. Ukiona kama 3.7Ω uko salama. Ukiona 0.3Ω, simama, koili ya twita imekaa pabaya. Mita isiposoma kabisa, njia ya wufa imekatika.

Mwisho, geuza nyaya za twita, chanya kwa hasi. Mteremko huu unazipishanisha spika nusu mzunguko. Usipogeuza, sauti inatoboka shimo hapo kwenye 3,000 Hz.

Waya_Mwekundu
Koili usinunue. Nenda kwa mafundi wanaosuka mota, omba waya wa shaba wa milimita 1.0, kama gramu 110 kwa koili moja. Tafuta kigurudumu cha plastiki chenye kiini cha kipenyo cha mm 25 na upana wa mm 20. Suka mizunguko 138, ikae imebana, halafu punguza mmoja mmoja ukipima kwa mita ya LCR (inayopima koili na kapasita), utafika 0.42 mH karibu na mzunguko wa 133. Waya mwembamba zaidi unaongeza ukinzani na kula nguvu ya wufa.

Kwangua vanishi kwenye ncha mpaka shaba ing'ae, la sivyo risasi haishiki na kiungio kitakatika gari likitikisika. Koili mbili zitenganishe sm 8 au zaidi, moja imesimama na nyingine imelala, zisisikilizane. Zifunge kwa zipu za plastiki. Skrubu ya chuma katikati ya koili inabadilisha thamani yake.

FundiKoili
Sahihi. Kwa wufa yenye Le 0.5 mH ongeza kitu kimoja: rizista ya 4.7Ω wati 10 ikifuatana na kapasita ya 27 µF, vyote viwili sambamba na wufa. Ukinzani wa wufa unapanda kadiri masafa yanavyopanda, na bila hii koili yako inakata kwa uvivu.

Twita ikizidi makali, weka 1.2Ω mfululizo na 10Ω sambamba na twita, baada ya krosova. Inashuka desibeli 3 na krosova inaendelea kuona 4Ω.

Mdau_Moro
Shukrani sana. Je, sabufa nayo niikate hivihivi kwa 80 Hz? Na siku nikiunga moja kwa moja kwenye redio bila ampli?

Waya_Mwekundu
Sabufa hapana. Hata mteremko mwepesi wa desibeli 6 unataka koili ya 8 mH, shaba nyingi na hasara tupu. Tumia kichujio cha ndani ya ampli.

Kwenye redio inafaa, ila hasi za kushoto na kulia usiziunganishe kamwe, wala usiziguse bodi ya gari. Redio nyingi zina umeme kwenye nyaya zote mbili za spika, na IC (chipu ya ampli ndani ya redio) inakufa papo hapo. Kila upande uwe na bodi yake ya krosova.